Nilivyowaua Nyuki wa Soweto kwa Maua

Mnaniheshimu mno, na hilo ndilo kosa lenu la kwanza. Mnakuja hapa kwangu na madaftari, mnavua viatu mlangoni, mnaniita mtaalamu, mnataka niwaeleze jinsi tulivyoifanya ile bustani ya Soweto, mtaa wetu huu wa Mbeya, ikadumu hadi leo ninyi mnapanda mchicha wenu kwenye viroba pembeni yake. Mtaalamu wa nini? Nilikuwa mtunza bustani wa mji kwa miaka mingi kwa sababu moja tu: bustani ilikuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Ningepewa kazi ya kulinda mawe nyuma ya nyumba, leo mngekuwa mnaniuliza habari za mawe.

Basi kaeni. Yule mwenye miwani asogee, hapo anapokaa pana siafu. Nitawasimulia habari za maboga na habari za mauaji. Msihangaike kumtafuta muuaji, ni mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini, kule mwishoni mwishoni. Redio ilikuwa kulima, mikutano ilikuwa kulima, hata kando ya mitaro watu walipanda mahindi. Katikati ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja kitupu, makazi ya magugu, makopo na mbuzi wasio na adabu. Kina mama wa mtaa wakakifyeka, wakagawana matuta, wakapanda maharage, chainizi na maboga. Maboga ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa. Mji ukanipeleka mimi niwasimamie, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na bayolojia nilifaulu. Wale kina mama walikuwa wameshika jembe tangu hawajaota meno ya pili. Mimi nilikuwa nimechora ua kwenye daftari na kuandika majina ya sehemu zake kwa kutumia rula. Kwa hiyo bosi nikawa mimi.

Shida ni kwamba kiwanja kile kilikuwa na mchumba mwingine. Malori ya barabara kuu yalikuwa yanaongezeka kila siku na hayakuwa na pa kuegeshwa. Bwana Afisa mmoja wa mji alikuwa amekwisha kukipima kwa hatua zake mwenyewe. Siku moja akaja, viatu vinang'aa, kofia ya pama kichwani, akasimama juu ya tuta la watu.

"Nawapa msimu huu mmoja," akasema. "Mvua zikiisha nitakuja kuangalia. Nikikuta chakula, bustani. Nikikuta majani, malori."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, bustani ikifa, mtunza bustani atabaki wa nini? Kuna nafasi Chunya."

Chunya! Mimi ambaye nikienda sokoni Mwanjelwa nilikuwa naaga nyumba nzima kwa kupeana mikono. Usiku ule mke wangu, Mama Neema, alinikuta nimeukumbatia mto kama mtu aliyepewa barua ya kuachwa.

Mwenyekiti wa kina mama alikuwa Mama Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke ambaye akinong'ona anasikika Uyole. Afisa alipoondoka, akaniambia, "Usitetemeke, Bwana Bustani. Maboga hayajui habari za barua za uhamisho. Wewe kaa pembeni tu, usiyasumbue."

Huo ndio ushauri bora kabisa niliopata kazini. Sikuufuata.

Maboga yalitambaa, yakachanua. Wakaja wadudu wadogo wekundu wenye mgongo mgumu, wakatoboa majani mpaka ukiliinua jani moja unaona Mbeya nzima kama kwenye chujio. Hapo elimu yangu ikaamka usingizini. Nilikumbuka kwamba pareto inaua wadudu. Na pareto haikuwa mbali, ilijaa kule vilimani kwenye baridi. Rafiki yangu mmoja wa Uyole akanipa nusu debe la maua makavu. Nikatafuta cha kuyatwangia.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "hicho ni kinu changu cha kisamvu."

"Hii ni sayansi, Mama Neema."

"Na sayansi imekosa kinu chake?"

Nikatwanga. Nilipiga chafya mpaka jirani akaja kutoa pole. Unga ukatoka mzuri, laini, wa manjano. Nikaujaza kwenye soksi kuukuu, nikafunga shingo ya soksi kwa kamba. Asubuhi, jua limeanza tu kupanda na maua bado yamefunguka, nikaingia bustanini na kuitikisa soksi ile juu ya kila ua. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uchawi. Sikuunyunyiza kwenye majani, ambako wadudu walikuwa wanakula. Niliunyunyiza kwenye maua, ndani kabisa. Niliona ua ndilo lenye thamani, litakuwa boga kesho, kwa hiyo ndilo la kulindwa zaidi. Kwa siku tano nilifanya hivyo. Wale wekundu nao walipungua kweli. Nilitembea mtaani kama daktari anayetoka wodini.

Wiki mbili baadaye, vile vitoto vya maboga, vyenye ukubwa wa yai la njiwa, vikaanza kugeuka njano. Vikalainika. Vikadondoka. Ukigusa kimoja kinabaki mkononi. Tuta zima majani ya kijani yanapendeza, boga hata moja hakuna. Nikamwona akilini Bwana Afisa na kofia yake. Nikaiona na Chunya, vumbi lake na jua lake.

Nikaitisha kikao. Nilikuja na ubao, nikachora ua la boga dume na ua la boga jike. Hilo mlijue nanyi: boga lina maua ya aina mbili kwenye mche mmoja. La kiume limekaa juu ya kijiti kirefu chembamba, la kike limekalia kiboga kidogo. Unga wa dume usipomfikia jike, kile kiboga kinanyauka. Nilieleza kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kisha nikauliza:

"Nani kati yenu amekuwa akichuma maua dume?"

"Mimi," akasema Mama Atupele bila hata kusimama. "Naunga kwa karanga. Nimeyala tangu nikibebwa mgongoni, na mama yangu aliyala, na maboga yalizaa hadi tukagawia nguruwe."

"Basi wewe ndiye unayetuletea malori," nikamwambia.

Mama Atupele akakaza kanga yake kiunoni, akachukua jembe lake na kwenda nyumbani. Siku iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Palikuwa kimya kiasi kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia mbuzi wanavyotafuna.

Siku ya tatu akaja mtu ambaye sikuwa nimemwita. Mama Kihwele alikuwa Mhehe, mtu wa Iringa, ameolewa Soweto, na pale nyuma ya nyumba yake alikuwa anapika pombe ya komoni ambayo nusu ya mafundi wa mji waliijua vizuri kuliko nyundo zao. Hakuwa na tuta bustanini. Alikuja amebeba ungo kichwani kama analeta chakula.

"Kamwene," akasalimu.

"Kamwene, mama," tukaitikia.

"Mimi sina maneno mengi, wanyalukolo, ndugu zangu. Wateja wangu wamenigomea. Kila mwaka nyuki wanajaa kwenye mapipa yangu, natumia siku nzima kuwafukuza kwa kitambaa. Sasa wiki mbili hakuna nyuki hata mmoja. Wanywaji wanasema pombe isiyotamaniwa hata na nyuki ina kasoro, wamehamia kwa mwenzangu wa ng'ambo. Nikajiuliza, nyuki wangu wamekwenda wapi?" Akaushusha ungo. "Nimewakuta hapa kwenu. Chini ya majani."

Kwenye ungo kulikuwa na nyuki. Wamekauka, wamejikunja, miguu yao imeshika ule unga wa manjano. Wangeweza kujaza bakuli. Akaokota mmoja, akampulizia, kisha akanusa vidole vyake, akapiga chafya.

"Pareto," akasema. "Nani hapa ana pareto?"

Kina mama wote ishirini na kitu wakanigeukia. Wala hawakuulizana. Mke wangu alikuwepo, na ndiye aliyesema taratibu, "Kinu changu bado kinanukia."

Nikakubali. Ningekataa vipi? Nikasema niliweka dawa kwa nia njema, sikujua kwamba nyuki ndio wanaobeba unga kutoka kwa dume kwenda kwa jike. Jambo hilo, jamani, nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani na kupewa alama zote.

Wakacheka. Mnadhani walikasirika? Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya chainizi zake. Hapo nikapata jina ambalo sijalivua hadi leo: Bwana Pareto.

Mama Kihwele ndiye aliyetoa hukumu, na ilikuwa na vipande viwili. Kipande cha kwanza: kazi ya nyuki itafanywa na aliyewaua. Kipande cha pili: niende mwenyewe kwao Iringa, nikawaangukie nyuki na kuomba mzinga. "Kwetu," akasema, "aliyeua nyuki wa mtu anakwenda kwa miguu yake, hatumi mtu." Sikujua kama ni mila ya kweli au aliitunga papo hapo kwa ajili yangu. Hadi leo sijauliza, naogopa jibu.

Kuhusu kazi ya nyuki. Andikeni hili, maana siku moja mtalihitaji. Unachuma ua dume lililofunguka asubuhi ile ile. Unalibandua yale majani yake ya njano, kinabaki kijiti chenye unga. Unalitafuta ua jike lililofunguka, unalipaka taratibu ndani, kama unayempaka mtoto mafuta sikioni. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Halafu funga uzi kwenye kikonyo ili usirudie. Lakini yote hayo ni mapema, umande bado upo, maana ua la boga linafunguka alfajiri na jua likishika kasi limejifunga, na halifunguki tena. Kina mama waliiita kazi hiyo kuozesha. Walikuja kunitazama, wakaleta vigelegele na nyimbo za harusi, na kila niliyemgusa walimtajia mahari.

Siku ya kwanza nilikunywa chai kwanza. Mimi ni mtu wa chai, na chai yangu haina haraka. Nilifika saa nne nikakuta maua kumi ya kike yameshajifunga, nikayafungua kwa vidole na kuyapaka kwa nguvu. Kumi yote yalidondoka. "Bwana harusi," akasema mama mmoja, "ukigonga saa hizi, bibi harusi ameshafunga mlango." Kesho yake nilienda bila chai. Upendo mkubwa kuliko huo sijawahi kuuonyesha kwa mtu.

Mama Atupele hakuwepo kwenye vicheko hivyo. Alikuwa akija jioni, akipalilia tuta lake kimya, akiondoka.

Safari ya Iringa sitaisimulia yote, machozi yatanitoka. Niliaga mtaa mzima. Nililaani kila nguzo ya simu tuliyoipita kwa kuwa ilikuwa inanitenga na kitanda changu. Nilishuka mjini kule mlimani, nikaelekezwa kijijini, nikamkuta kaka yake Mama Kihwele akiwa anachonga gogo uani. Alikuwa wa rika langu, mcheshi, mikono yake ina makovu ya kuumwa. Nilipomweleza shida akaweka shoka chini, akacheka kwa pumzi moja ndefu, akanipeleka porini penye mizinga yake.

"Haya, waambie," akasema.

"Niwaambie nini?"

"Ulichomwambia dada yangu. Hawa ndio ndugu wa marehemu."

Nikajiona mjinga, lakini nikavua kofia. "Kamwene," nikawaambia nyuki. "Mimi ni mtunza bustani wa Mbeya. Nimewaua wenzenu kwa pareto. Sikukusudia, mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza?" akauliza yule bwana.

Na hapo ndipo uliponitoka ule ukweli ambao kikaoni niliumeza. Siku ya tatu ya kunyunyiza niliwaona. Nyuki sita saba, chini ya jani, wanazunguka kwa mgongo. Nilijua. Bayolojia yote ilinirudia pale pale. Nikawafukia kwa ncha ya kiatu, nikaendelea siku ya nne na ya tano, kwa kuwa mtaa ulikuwa umeshaanza kunisifu. Na niliposimama na ubao wangu kumwuliza mwenzangu nani anachuma maua, jibu lilikuwa limelala chini ya soli yangu.

Yule bwana hakucheka tena. Akakuna kidevu. "Hilo halijawauma nyuki," akasema. "Limemuuma mtu mwingine. Ukalimalize huko."

Akanipa mzinga wa gogo, mkuukuu, mtupu, mweusi kwa nta. Nilitaka mpya, unaong'aa. Akanikatalia: mzinga mpya kwa nyuki ni nyumba isiyo na harufu ya mtu, wataipita, mkuukuu unanukia nyumbani. Ukaupake nta tena kwa ndani, uutundike penye kivuli cha asubuhi, mlango usielekee upepo. Weka maji karibu, na ndani ya maji weka vijiti, nyuki hajui kuogelea. Halafu ondoka, usikae chini kuwasubiri. Nyuki hapendi mwenye nyumba anayechungulia.

Nilirudi Mbeya juu ya lori la mbao, nimeukumbatia mzinga. Kila tuliposimama watu waliuliza kuna nyuki? Nikisema hakuna, hawaamini, wanasogea mbali. Kumbukeni hilo, lina kazi yake mbele.

Nilipofika sikwenda nyumbani. Mnanijua, mnajua uzito wa maneno hayo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Atupele, na mzinga begani, nikamwambia yote mlangoni: kiatu, siku ya tatu, ubao. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na ukasimama na chaki."

"Nilisimama na chaki."

"Haya. Mzinga huo sitaki uutundike kwako. Uutundike juu ya tuta langu, wakikuuma nione." Akainuka. "Na kesho usiozeshe peke yako, unawapaka kama unapiga plasta. Nitakuja."

Alikuja kabla yangu.

Tuliutundika kwenye mti wa mgrevilia pembeni ya tuta lake. Nyuki hawakuja. Wiki, hakuna. Mwezi, hakuna. Lakini maboga tuliyoyaozesha yakashika. Kila mama alifunga uzi wa rangi yake, na mvua zilipoanza kupungua bustani ilikuwa na maboga yenye nyuzi nyekundu, bluu, kijani, yamelala kama watoto waliochoka. Hayakuwa mengi. Nusu ya kiwanja bado ilikuwa majani, yale ya siku tano zangu. Mwenye jicho kali angeweza kusema ni bustani, angeweza kusema ni majani.

Bwana Afisa akaja na jicho lake, na kijana wa kazi aliyebeba vigingi vya kupimia maegesho. Vigingi, jamani! Alikuwa ameshaamua. Akasimama kando, akatazama ile nusu yenye majani matupu.

"Naona majani," akasema.

"Maboga yako ndani, Bwana Afisa," akasema Mama Atupele kwa upole ambao sikuwahi kuusikia. "Karibu uhesabu. Ila pita taratibu, usiwaamshe wale." Akaonyesha mzinga.

Afisa akasimama. "Wamo?"

"Wa Iringa," akasema Mama Kihwele, aliyekuja na kata ya komoni. "Bwana Pareto aliwafuata mwenyewe."

Macho yote kwangu. Mimi, ambaye nilikuwa nimeungama mbele ya nyuki na mbele ya mama wa watu nikidhani nimeachana na uongo.

"Nimewaomba radhi," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Mbona siwaoni?"

Kabla sijajibu, nyuki mmoja, mmoja tu, mpelelezi aliyevutwa na harufu ya nta, akatoka kwenye tundu la mzinga. Akazunguka, akatua ukingoni mwa ile kofia ya pama, akaanza kutembea juu yake bila haraka, kama naye anapima kiwanja. Kijana wa kazi akaangusha vigingi vyote. Bwana Afisa akarudi kinyumenyume hadi barabarani, akahesabia maboga kutoka huko, na nadhani kwa hofu alihesabu mengine mara mbili. Barua ilipokuja, ilisema bustani ya Soweto ina mazao ya kuridhisha pamoja na nyuki wakali, isiguswe.

Nyuki wenyewe walihamia mzingani miezi mitatu baadaye. Mimi husema waliona aibu, barua ya mji ilishaandika kwamba wapo. Vile vigingi tulivitumia kutambazia maharage.

Sasa fungeni madaftari. Dawa ni jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwao, na kwenye majani, kamwe si kwenye ua. Mengine ninyi mnayajua kuliko mimi. Mama Atupele bado yupo, mtamsikia kabla hamjamwona. Kila asubuhi akielekea bustanini na fimbo yake hupita hapo langoni kwangu, mimi nikiwa na chai yangu, naye hasalimii kama watu wengine.

"Bwana Pareto," huuliza, "leo umemfukia nani?"

Nami, kabla ya kumjibu, huinua mguu na kuangalia chini ya soli.